Hesabu ya Wasiopimwa

Mapema Mei 2020, Wizara ya Afya ya Kenya ilipeleka wahudumu mitaa ya Kawangware na Eastleigh, Nairobi, wakawapime watu virusi vya korona bila malipo. Kawangware, waliojitokeza hawakufika hata nusu ya waliotarajiwa. Waziri wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alilalamika hadharani. Lakini watu wa Kawangware nao walikuwa wamepiga hesabu yao. Ukipatikana na virusi unapelekwa karantini wiki mbili, na kuna waliokuwa wakidaiwa huko shilingi 2,000 kwa siku, mpaka serikali ilipotangaza Mei 6 kwamba itabeba gharama. Kibarua wa mjengo hawezi kutoweka wiki mbili kisha arudi na deni la shilingi 28,000, tena kwa ugonjwa ambao pengine hata hausikii mwilini. Akaona afadhali apite kando.

Majuma hayo hayo, dereva wa lori aliyefika mpakani Malaba au Namanga hakuwa na pa kupitia. Hapimwi, havuki. Basi madereva wakapatikana wengi, jambo lisilo la ajabu, na katika muda mfupi wakawa ndio wanaonyooshewa kidole kila kituo wanapoegesha. Uganda iliamua kuwatoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake. Namanga, madereva Watanzania waliotangazwa na Kenya kuwa na virusi walipimwa upya Arusha wakaambiwa hawana, na ugomvi ukazuka. Mei 16 Rais Uhuru Kenyatta alifunga mipaka na Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa mizigo. Sisemi madereva hawakubeba virusi. Ninachosema ni kwamba ramani tuliyokuwa tukionyeshwa kila alasiri kwenye runinga ilikuwa ramani ya mahali vipimo vilipopelekwa, nasi tukaisoma kama ramani ya ugonjwa.

Wanaofuatilia magonjwa wana njia za kuwakisia wasiopimwa, na mojawapo inaanzia mpakani. Januari 17, 2020, wakati China ikiwa imethibitisha wagonjwa 41 tu Wuhan, watafiti wa Imperial College London waliwatazama wagonjwa watatu waliokuwa wamegunduliwa nje, wawili Thailand na mmoja Japani. Uwanja wa ndege wa Wuhan ulihudumia eneo lenye watu kama milioni 19, na abiria 3,301 walikuwa wakiruka kila siku kwenda nchi za nje. Kutoka mtu aambukizwe mpaka agunduliwe zilikadiriwa siku 10. Kwa siku 10 husafiri watu 33,010, yaani mtu mmoja katika kila 576 wa eneo hilo. Kama mgonjwa mmoja aliyeonekana nje anawakilisha 576 waliobaki, watatu wanawakilisha takriban 1,700. Hesabu ya darasa la nane, lakini ilitosha kuonyesha kwamba 41 haikuwa kweli.

Tanzania ilipoacha kutoa takwimu Mei 2020, ikiwa imefikisha wagonjwa 509, wasafiri wake waliendelea kuzungumza kwa niaba yake. Februari 2021 wasafiri watatu kutoka Tanzania walipimwa uwanja wa ndege wa Luanda, Angola. Jenomu za virusi vyao ziliposomwa, zilionekana kuwa na mabadiliko mengi ambayo hayakuwa yameonekana pamoja kwingine. Aina hiyo ilikuwa na historia ndefu nyuma yake, lakini wagonjwa watatu hawatoshi kusema waliobaki ni wangapi. Fomyula ya Wuhan inadai ujue idadi ya wanaovuka. Namanga kuna njia za panya, kuna bodaboda, na kuna mama anayeuza mboga upande mmoja na kulala upande wa pili. Nani atamhesabu?

Kwa hiyo Kenya ikageukia damu. Aliyeambukizwa hubaki na kingamwili hata kama hakuwahi kukohoa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya Aprili 30 na Juni 16, 2020. Kipimo chao kiliwatambua asilimia 83 ya walioambukizwa, na kati ya wasioambukizwa kiliwasingizia asilimia 1. Makosa hayo yanaonekana madogo, sivyo? Chukua watu 1,000 ambao 40 kati yao waliambukizwa. Kipimo kitawanasa 33 na kuwaacha 7. Kwa wale 960 waliobaki, kitawasingizia kama 10. Utahesabu 43, karibu robo yao wakiwa hawajawahi kukutana na virusi. Isitoshe, wanaochangia damu hawafanani na taifa zima, kwani wazee hawamo na watoto hawamo, kwa hiyo umri na maeneo yalipewa uzito upya kwa kutumia sensa.

Baada ya marekebisho yote, watafiti walipata asilimia 4.3 kitaifa, na Nairobi 7.3. Kwa Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 peke yao, hao ni zaidi ya watu milioni moja, wakati orodha rasmi ya katikati ya Juni ilikuwa haijafika elfu nne.

Kufikia Novemba, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba jijini Nairobi ulikuta asilimia 34.7 wana kingamwili. Kibera, ambako KEMRI na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, wamekuwa wakizifuatilia familia za Gatwekera na Soweto kwa miaka mingi, uchunguzi wa mwisho wa mwaka ulikuta zaidi ya watu 4 katika kila 10. Ukiuliza hao ni watu wangapi kwa jumla, unaingia kwenye mzozo mwingine: sensa ya 2009 iliwapata wakazi 170,070 wa Kibera, mtaa uliozoeleka kutajwa kuwa na milioni nzima.

Mwaka 2021 watafiti wa Kenya na Uingereza waliunganisha damu, vipimo na data ya mienendo ya simu. Tafsiri yao ni kwamba wimbi la kwanza lilipita hasa kwa watu wa kipato cha chini mijini, wasioweza kukaa nyumbani, na la pili likawafikia wenye nafasi baada ya masharti kulegezwa. La pili ndilo lililoonekana vizuri zaidi kwenye takwimu. Wenye nafasi walikuwa na bima, na hospitali za kibinafsi zilikuwa zikipima kwa malipo.