Kwa Nini Huduma Hufungwa Usiku wa Manane?

Umewahi kupata meseji kwamba huduma haitapatikana usiku, ukajiuliza: hawa wanafanya nini saa nane usiku? Kwa mchuuzi wa samaki wa Shella, Malindi, anayewalipa wavuvi kwa simu alfajiri, hilo si swali dogo.

Mara nyingi mafundi wanarekebisha programu ya zamani. Chukua M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007. Programu yake ya kwanza ilitengenezwa Uingereza, na kabla ya 2015 mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya, pamoja na mfumo mpya. Menyu unayoiona kwenye simu ni rahisi kubadilisha. Kilicho nyuma yake ndicho kigumu. Programu ya miaka mingi imeandikwa na watu wengi, wengine walishaondoka kitambo, na sehemu zake zimeshikana kama jarife lililotatana. Gusa ada ya kutuma pesa, na kamisheni ya wakala inaweza kuharibika. Basi fundi husoma kwanza, hujaribu pembeni, kisha hubadilisha kidogo kidogo. Kazi ya pole pole, na kusema kweli hakuna anayeishukuru.

Saa hizo muamala unaweza kukwama katikati. Usitume tena haraka! Subiri meseji, angalia salio na taarifa ya miamala yako. Ule wa kwanza ukipita baadaye, utakuwa umelipa samaki mara mbili. Na kama una malipo ya alfajiri, toa pesa kwa wakala jioni.