Barakoa na Hewa Tunayovuta (Sehemu ya Pili)

Jioni ya tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 wa Skagit Valley walikutana ukumbini mjini Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, kwa mazoezi yao ya kila wiki. Habari za UVIKO-19 zilikuwa zimeshawafikia. Mlangoni kulikuwa na kitakasa mikono, na watu walijizuia kukumbatiana na kupeana mikono. Waliimba kwa saa mbili na nusu, kisha wakarudi makwao. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na mafua ya kawaida. Katika siku zilizofuata idadi ya wagonjwa, pamoja na yeye, ilifika 53. Wawili walifariki.

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna virusi vinavyoingia kwenye chembe hai za pua na mapafu. Leo swali ni la safari yenyewe: vilitokaje kinywani mwa mtu mmoja vikawafikia watu wote hao, mikono ikiwa imetakaswa na hakuna aliyekoholewa usoni?

Kila tunapozungumza, kuimba au hata kupumua tu, tunatoa vitone vya maji ya mwilini vya ukubwa mbalimbali. Hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kitone cha maikroni 100 kikitoka kinywani mwa mtu aliyesimama huanguka chini kwa muda wa sekunde chache. Kile cha maikroni 5 huchukua takriban nusu saa hata kama hewa imetulia kabisa, na cha maikroni moja huweza kuelea kwa saa nyingi. Ni kama udi: ukiufukiza kona moja ya chumba kilichofungwa, aliye kona ya pili ataunusa baada ya muda, na kadiri unavyoendelea kuwaka ndivyo chumba kinavyojaa. Kuimba kwa sauti kubwa hutoa vitone vingi kuliko kupumua kimya, na saa mbili na nusu ni muda mrefu.

Jambo hili halikuwa geni. Mhandisi William Wells wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika mwaka 1934 kwamba vitone vidogo hukauka kabla ya kufika chini, vikabaki kama mabaki mepesi yanayoelea pamoja na vijidudu vyake. Baadaye yeye na daktari Richard Riley waliichukua hewa ya wodi ya kifua kikuu katika hospitali moja ya Baltimore, wakaielekeza kwa mabomba kwenye chumba cha juu kilichokuwa na simbilisi wapatao 150. Simbilisi wale hawakumgusa mgonjwa yeyote, lakini waliambukizwa mmoja baada ya mwingine. Kundi jingine lililopewa hewa ya wodi ileile, ila iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno, lilibaki salama.

Hata hivyo, kwa miongo mingi vitabu vya tiba viliweka mpaka kwenye maikroni 5, vikifundisha kwamba chochote kikubwa kuliko hapo huanguka ndani ya mita moja au mbili. Kifizikia mpaka huo haushiki, na uliwagharimu watu. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 hauenezwi kwa njia ya hewa. Mwezi Julai wanasayansi 239 waliunga mkono barua ya watafiti Lidia Morawska na Donald Milton iliyotaka njia hiyo itambuliwe. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikisugua meza kwa dawa huku madirisha yamefungwa.

Tukielewa hivyo, barakoa nayo inaeleweka. Wengi hudhani ni chekeche: tundu likiwa kubwa kuliko kirusi, kirusi kinapita. Sivyo. Kwanza, kirusi hakisafiri peke yake, bali ndani ya kitone. Pili, vitone vikubwa hushindwa kupinda kona pamoja na hewa vikagonga nyuzi, na vile vidogo sana huyumbayumba ovyo hadi vinanasa. Vinavyosumbua zaidi ni vya katikati, karibu na maikroni 0.3, ndiyo maana barakoa aina ya N95 hupimwa kwa ukubwa huo na kutakiwa kunasa angalau asilimia 95. Nyuzi zake zina chaji ya umeme tuli inayovuta vitone. Ukiifua kwa sabuni au kuipuliza spiriti, chaji hiyo huharibika, ingawa kwa macho utaiona safi.

Kitambaa kizuri hakitoshi kikiwa na mwanya. Anayevaa miwani ana kipimo chake tayari: vioo vikiingia ukungu, pumzi inapita juu ya pua bila kuchujwa. Ndevu nyingi pia huacha upenyo. Na mgonjwa akivaa faida ni kubwa zaidi, kwa sababu vitone mdomoni pake bado vibichi na vikubwa, rahisi kunaswa kabla havijakauka.

Huko Bangladesh, utafiti wa mwaka 2020 na 2021 ulihusisha vijiji 600. Pale zilipogawiwa barakoa za hospitali na watu kuhimizwa kuzivaa, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takriban asilimia 11, na kwa wenye miaka 60 na zaidi kwa asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa tofauti haikuwa wazi. Wapo wanaoibeza asilimia 11. Wakumbuke kwamba hata baada ya kampeni, waliovaa ipasavyo walikuwa asilimia 42 tu, kutoka 13. Asilimia 11 hiyo inapima kijiji kizima, wavaaji na wasiovaa.

Barakoa haichukui nafasi ya dirisha. Ndani ya daladala au matatu, mvua ikinyesha na vioo vikafungwa, hapo ndipo inapohitajika kuliko barazani penye upepo. Watafiti waliopima hewa ya hospitali za Lima, Peru, walieleza mwaka 2007 kwamba wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, zilibadilisha hewa haraka kuliko vyumba vipya vyenye mashine. Wiki ijayo tutaona jinsi mwalimu anavyoweza kupima hewa ya darasa lake kwa kifaa kidogo kinachosoma kiwango cha kaboni dioksidi.