Maktaba za Kaloleni na Makadara Zatengenezwa Upya

Mtaa wa Kaloleni, ulioko upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, hauhitaji kujulishwa kwa watu waliopata kukaa mjini humo. Nyumba zake zilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini wakiwa na wake zao na watoto wao. Jambo hilo lilikuwa geni wakati ule, kwa maana kabla ya hapo wenye mji walimtazama mfanya kazi wa Kiafrika kama mtu wa kitanda kimoja, ambaye kazi yake ikiisha atafunga mzigo na kurudi kwao. Mtaani humo umo ukumbi wa mikutano, na ndani ya ukumbi huo, tarehe 23 Aprili, 1950, Bw. Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Kabla ya kupita mwezi mmoja alikamatwa, na hakuachiliwa ila mwaka 1961.

Katika mtaa huo huo imo maktaba ndogo ya watu wote. Ya pili iko Makadara, nayo huitwa Maktaba ya Eastlands. Zote mbili ni matawi ya maktaba kubwa ya McMillan iliyoko katikati ya mji, na kwa miaka mingi zilikuwa kama watoto waliosahauliwa na mama yao. Majengo yalichakaa, samani zilikwisha kuvunjika, na vitabu vilivyobaki katika rafu vilikuwa vikuukuu. Mwanafunzi aliyekwenda hapo mara nyingi alichukua kitabu chake mwenyewe kutoka nyumbani. Alichofuata ni meza na utulivu, kwa kuwa katika chumba ambamo watu sita hulala, hupika na kuzungumza, si rahisi mtu kufanya hesabu za mtihani.

Habari ya matawi haya haifahamiki vizuri pasipo kwanza kueleza habari ya maktaba yenyewe kubwa. Sir William Northrup McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba huko Juja na Ol Donyo Sabuk. Alifariki mwaka 1925, na mkewe, Lady Lucie McMillan, akaamua kumjengea mumewe ukumbusho wa vitabu. Fedha nyingine zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Jengo likasimamishwa kwa nguzo ndefu mbele yake na simba wawili wa mawe kando ya ngazi, jirani na Msikiti wa Jamia, na Gavana, Sir Joseph Byrne, akalifungua tarehe 5 Juni, 1931. Mwaka 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe, jambo ambalo majengo mengine ya Kenya hayakulipata.

Lakini mlango ule ulikuwa wa Wazungu peke yao. Karani wa Kiafrika aliyejua Kiingereza sanifu, aliyeandika barua za bwana wake kila siku na kuzisahihisha, aliweza kupita mbele ya wale simba asubuhi na jioni kwa miaka ishirini na asiruhusiwe kukaa ndani na kufungua kitabu. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1958. Katika muda huo Waafrika walitafuta vitabu kwingine. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka masanduku ya vitabu katika sehemu mbalimbali za nchi, na mtu aliyekaa mbali aliweza kuazima kitabu kwa njia ya posta. Wazee wengi waliokuwa walimu na makarani walisomea vitabu vya masanduku hayo. Halmashauri ya Mji ilipoichukua maktaba ya McMillan na kuwafungulia watu wote, na matawi yakapatikana katika mitaa ya mashariki, ilionekana kwamba jambo limekwisha. Kumbe kufungua mlango ni kazi moja, na kulitunza jengo ni kazi nyingine.

Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi walianzisha shirika liitwalo Book Bunk. Mmoja ni Bi. Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na wa pili ni Bi. Angela Wachuka, aliyekuwa amefanya kazi ya kuchapisha vitabu katika Kwani Trust. Mwaka uliofuata waliafikiana na Serikali ya Kaunti ya Nairobi ili wazitengeneze maktaba hizo tatu, yaani McMillan, Kaloleni na Eastlands. Maktaba zikabaki kuwa mali ya watu wa Nairobi chini ya Kaunti. Kazi ya shirika ikawa kutafuta fedha, mafundi na vitabu. Hawakuanza na jengo kubwa lenye nguzo, ambalo kila mgeni hulipiga picha. Walianza na yale madogo ya mitaani. Pengine mtu angesema ni kwa sababu madogo huhitaji fedha chache, na hilo ni kweli, lakini vile vile ndiko waliko watoto wengi zaidi.

Kabla ya fundi kushika nyundo, watu wa mitaa waliulizwa wanataka nini. Swali hilo ni jepesi kulisikia, lakini ni la maana sana. Maktaba ya zamani ilijengwa kwa mawazo ya mtu mmoja aliyejua, au aliyedhani kwamba anajua, yanayowafaa wengine: rafu ndefu, meza ndefu, kaunta ya juu, na amri ya kunyamaza iliyobandikwa ukutani. Mtu mzima huingia humo kama aingiavyo ofisini kwa mkuu, amevua kofia na kungoja aambiwe. Mtoto wa miaka saba haioni hata sura ya mtunza vitabu nyuma ya kaunta hiyo.

Kutengeneza ndani ya maktaba si sawa na kutengeneza ndani ya duka au nyumba ya kulala. Adui wa kwanza ni maji. Dari likivuja tone moja juu ya rafu katika mvua za masika, kitabu cha kwanza huloa, cha pili hupata ukungu kwa kugusana nacho, na baada ya majuma machache safu nzima imeharibika. Kwa hiyo paa hutazamwa kabla ya rangi, na rafu husogezwa mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Adui wa pili ni mchwa, ambao hula ubao na karatasi bila kubagua, nao huja kutoka chini, ndiyo sababu sakafu haifai kupuuzwa hata ikiwa yaonekana nzima. Adui wa tatu ni jua. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, kwani nuru ndiyo itakiwayo na msomaji. Lakini nuru ya msomaji na nuru ya kitabu ni mbili: meza huwekwa karibu na dirisha, na rafu huwekwa pale ambapo jua la alasiri halifiki, ama sivyo majalada hufifia na gundi ya migongo hukauka.

Kisha yafuata mambo ya kimo na uzito. Rafu iliyojaa vitabu ni mzigo mkubwa, na fundi asiyepata kufanya kazi hiyo hutumia ubao mwembamba ambao kabla ya mwaka kwisha umepinda kama upinde. Rafu za watoto hazina budi kuwa fupi, mtoto achukue kitabu kwa mkono wake na kukirudisha kwa mkono wake, na pasiwe na haja ya kumwomba mtu. Waya za umeme nazo hupimwa upya, kwa kuwa maktaba ya siku hizi inataka mashine za kompyuta, na waya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa chache tu.

Kazi iliyowashughulisha sana, hata hivyo, haikuwa ya saruji wala ya mbao. Ilikuwa ni kuhesabu vitabu. Kila kitabu kilichukuliwa mkononi, kikafutwa vumbi, kikaandikwa jina lake, mwandishi wake na hali yake. Vijana waliajiriwa kwa kazi hiyo. Ndipo ilipodhihirika wazi jambo ambalo kila aliyezizoea maktaba hizi alilihisi: vitabu vingi vilikuwa vya Waingereza, vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza, na vile vilivyotungwa na Waafrika vilikuwa vichache, na vya lugha za Kiafrika vichache zaidi.

Tena likatokea swali la mahali pa kuviweka. Maktaba nyingi duniani hufuata utaratibu uliotungwa mwaka 1876 na Mmarekani Melvil Dewey, ambao hugawa elimu yote katika mafungu kumi yenye hesabu. Fungu la 200 ni la dini. Humo Ukristo umepewa nafasi kubwa, kutoka 220 mpaka 280 na zaidi, na dini nyingine zote za dunia zimesongamana katika 290. Uislamu, ambao katika pwani ya Afrika ya Mashariki ni dini ya karne nyingi, umewekwa katika 297 peke yake. Katika fungu la fasihi hali ni hiyo hiyo. Riwaya ya Bw. Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Weep Not, Child, ya mwaka 1964, huwekwa katika 823 pamoja na riwaya za Kiingereza, lakini riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ, ya mwaka 1980, hutupwa mbali katika 896 pamoja na lugha nyingi za Afrika. Msomaji atakaye kazi za mtu mmoja huyo yampasa azunguke chumba kizima. Mtunza vitabu akiufuata utaratibu huu barabara, maktaba yake yafanana na maktaba nyingine za dunia, na msomaji aliyetoka Kampala au London hapotei. Akiubadilisha, watoto wa Makadara wataona vitabu vya kwao karibu na mlango. Hakuna njia isiyo na hasara, na wale wasemao kwamba ni jambo dogo hawajapata kumwona mtoto akitafuta kitabu cha Kiswahili na kuonyeshwa rafu ya mwisho kabisa pembeni.

Matawi yote mawili yalikwisha kufunguliwa upya kabla ya mwaka 2023. Yamepakwa rangi za kuchangamsha, yana viti vipya na mahali pa watoto, na vitabu vya waandishi wa Kiafrika vimeongezwa. Watoto husomewa hadithi, na vijana wa shule huja kufanya masomo yao. Tarehe 31 Oktoba, 2023, Mfalme Charles wa Uingereza na Malkia Camilla walizuru Maktaba ya Eastlands. Bila shaka wapo wazee wa mitaa hiyo waliotabasamu, wakikumbuka ni nani aliyekatazwa kuingia maktaba wakati wa ujana wao. Na Januari, 2025, sinema iitwayo How to Build a Library, iliyotengenezwa na Bi. Maia Lekow na Bw. Christopher King, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Sinema hiyo haifichi shida: mikutano isiyokwisha na wakuu, karamu za kuchangisha fedha kwa matajiri, na mashaka kama mkataba utaendelea.

Mashaka hayo yana msingi. Fedha za wafadhili hupatikana kwa urahisi kidogo zikiwa za kutengeneza, kwa kuwa mfadhili aweza kuonyeshwa picha ya chumba kabla na baada. Fedha za kununua vitabu kila mwaka, za kulipa mtunza vitabu, za kubadili taa iliyoungua na kuziba bomba, hizo hazina picha, na lazima zitoke katika makadirio ya Kaunti, ambamo hushindana na barabara, takataka na hospitali. Rangi ya ukuta katika chumba kiingiwacho na watoto kila siku haidumu miaka mingi. Kitabu cha hadithi kipendwacho sana huchanika upesi kuliko kile kisichopendwa, kwa hiyo maktaba itumiwayo vizuri ndiyo inayohitaji fedha zaidi.

Nayo McMillan yenyewe ndiyo kazi nzito kuliko zote. Jumla ya vitabu na hati zake hupita 400,000, na katika hizo yamo magazeti ya Afrika ya Mashariki ya tangu mwanzo wa karne ya 20. Gazeti kuukuu haliwezi kushughulikiwa kama kitabu. Karatasi yake huvunjika kama jani kavu, na huna budi kuilaza juu ya meza, kuifunua kwa mikono miwili, na kuipiga picha ukurasa mmoja mmoja kabla ya fundi yeyote kupanda darini.