Kujinyima Maji Hakuzuii Mkojo

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya anayejua kuwa mkojo humponyoka huanza kujihami mapema: tangu usiku wa kuamkia safari hagusi maji. Basi likisimama watu wakachimbe dawa, naye hushuka hata kama hana haja, asije akaumbuka mbele ya safari. Kwa siku moja ya safari mbinu hiyo inaeleweka. Ubaya ni kwamba wengi wanaovuja mkojo ukubwani huigeuza kuwa maisha ya kila siku, na hapo ndipo wanapolikuza tatizo wanalolikimbia. Asiyekunywa maji hupata mkojo mzito unaokiwasha kibofu na kukifanya kijikaze ovyo. Hupata pia choo kigumu, nacho kikijaa kwenye utumbo hukandamiza kibofu. Na kibofu cha mtu mzima, ambacho kwa kawaida huhifadhi mililita 400 hadi 600, kikizoeshwa kutolewa mkojo kila nusu saa huanza kudai choo kikiwa na ujazo wa kikombe cha kahawa tu.

Njia bora hutegemea aina ya kuvuja. Anayeloa akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, misuli inayoshikilia njia ya mkojo imelegea. Huyo dawa yake ya kwanza ni mazoezi ambayo daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaeleza mwaka 1948. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za tiba, mwaka 2018 yalionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake wa kundi hili, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, ilhali kwa wasiofanya ni asilimia 6 tu. Zoezi lenyewe halihitaji gharama wala faragha. Kaza misuli ile unayoitumia kuzuia hewa isitoke mbele za watu, bila kubana makalio wala pumzi. Hesabu hadi tano, legeza kwa muda uleule, urudie mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kwa miezi mitatu, hata ukiwa kwenye daladala. Wengi huacha wiki ya pili, kisha husema hayafai.

Anayebanwa ghafla asifike mlangoni ana kazi nyingine: kukifundisha kibofu subira. Haja ikija asikurupuke. Akae, akaze misuli ileile, mkurupuko upite, ndipo aende, na kila wiki aongeze dakika chache kati ya safari mbili za chooni. Apunguze chai na kahawa, si maji. Lakini mzee anayedondosha matone huku kibofu kimejaa, mara nyingi kwa sababu ya tezi dume, asipoteze muda na mazoezi, anahitaji daktari. Mama anayevuja mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo ni ya upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu kina mama hao bila malipo.

Watasema: huo ni uzee tu. Umri hulegeza misuli, kweli, lakini mzee aliyeanza kuvuja juzi anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, au dawa ya presha inayotoa maji mwilini anayoimeza jioni wakati daktari angeweza kumhamishia asubuhi. Kumwita mzee ni kumnyima vipimo. Wengine watasema pampasi za wakubwa zinatosha. Zinasaidia sana msibani, kanisani na safarini, na hakuna aibu kuzivaa. Ila ni ghali, na anayetumia pedi za hedhi badala yake hugundua upesi kwamba hazikutengenezwa kunyonya mkojo. Ngozi iliyoloa huchubuka, hivyo ioshwe, ikaushwe na kupakwa mafuta mazito. Muislamu naye asiache swala kwa hofu ya najisi: mafundisho ya fikihi humruhusu mwenye udhuru huu kujisafisha, kujifunga vizuri, kutia udhu baada ya wakati kuingia na kuswali.

Kabla ya kwenda kituo cha afya, chukua daftari na kikombe chenye vipimo. Kwa siku tatu andika saa na kiasi ulichokunywa, kiasi cha mkojo uliotoa, na ulichokuwa ukifanya ulipovuja. Karatasi hiyo itamweleza daktari mengi ambayo mgonjwa huona haya kuyasema kwa mdomo. Lakini ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukiziba usitoke kabisa, usisubiri siku tatu, nenda leo.