Mafungu ya Mada: Namna ya Kupanga Makala za Tovuti

Fungu la mada ni kundi la makala za tovuti zinazohusu jambo moja, zilizounganishwa kwa makusudi ili msomaji aliyeingia kupitia mojawapo azifikie na nyingine. Katikati ya fungu pana ukurasa mama, unaoieleza mada nzima kwa muhtasari. Kuuzunguka zipo makala tanzu, kila moja ikijibu swali moja kwa kina. Ukurasa mama una kiungo cha kwenda kwenye kila makala tanzu, na kila makala tanzu ina kiungo cha kurudi kwa mama.

Utaratibu huu ulipata umaarufu kuanzia 2017, kampuni ya Marekani ya HubSpot ilipoupigia debe, lakini chanzo chake ni cha nyuma zaidi. Blogu zilianza zikiwa shajara: iliyoandikwa jana hukaa juu, ya mwaka juzi huzama chini. Mpangilio wa tarehe unafaa kwa habari, ila kwa maarifa yanayohitajika kila msimu unayazika. Kisha mwaka 2013 Google iliufanyia mtambo wake wa kutafuta mabadiliko yaliyoitwa Hummingbird, ukaanza kuzingatia maana ya swali zima badala ya kulinganisha neno mojamoja. Tangu hapo, kuandika kurasa ishirini zinazotofautiana neno moja tu kwenye kichwa kumekuwa kazi isiyo na tija. Ukurasa mmoja ulioshiba, wenye ndugu zake karibu, humsaidia msomaji kuliko hizo ishirini.

Ugumu wa kazi hii uko katika kuamua mipaka ya mafungu, na Milima ya Uluguru mkoani Morogoro inaonyesha vizuri kwa nini. Tovuti ya ushauri wa kilimo inayowahudumia wakulima wa milima hiyo itakuwa na makala za kabichi, karoti na njegere za Mgeta. Ndizi, mananasi, iliki na pilipili manga za Kinole na Matombo. Mbuzi wa maziwa. Matuta ya ngazi. Taasisi nyingi huzigawa makala kama hizi kwa kufuata idara zao: wadudu huku, udongo kule, masoko kwingine. Mgawanyo huo unamfaa mtumishi wa idara. Mkulima wa Nyandira, kule Mgeta, hana haja ya kujua nani anashughulikia wadudu na nani anashughulikia mbolea. Anachotaka ni kuokoa nyanya zilizoko shambani.

Mipaka bora hutokana na jambo lenyewe pamoja na maswali ya wanaolihitaji. Upande wa mashariki wa Uluguru, unaoikabili Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi zaidi kuliko upande wa magharibi. Kwa hiyo ushauri wa kudhibiti magonjwa ya ukungu hauwezi kuwa mmoja kwa Kinole ya mashariki na Mgeta ya magharibi, na fungu liitwalo “Kilimo Uluguru” litakuwa pana kiasi cha kutomfaa yeyote. Kipimo kinachosaidia ni hiki: mada inatosha kuwa fungu ikiwa ina maswali kadhaa yanayojitegemea, na mtu mmoja anaweza kuyauliza yote ndani ya msimu mmoja. Nyanya inakidhi kipimo hicho. “Wadudu waharibifu” haikidhi, kwa kuwa mwenye nyanya na mwenye migomba hawaulizi maswali yaleyale.

Ukurasa mama wa fungu la nyanya utaeleza kwa ufupi safari nzima, kuanzia kuchagua mbegu hadi kufikisha tenga sokoni, iwe soko la Mawenzi au Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Chini yake zitakuwapo makala za kitalu, umwagiliaji, bakajani chelewa, mnyauko bakteria, kuoza kitako na kantangaze. Hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu. Kantangaze, ambaye kwa jina la kisayansi hujulikana sana kama Tuta absoluta, ni nondo mdogo wa asili ya Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006 na kuingia Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake hutoboa njia ndani ya jani na huingia hadi kwenye tunda, na amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vingi. Makala inayomhusu ijibu swali moja tu: namna ya kumtambua na kumdhibiti. Itaje majina yote mawili, kwa sababu mkulima atatafuta kwa jina la kantangaze na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, huenda akatumia lile la kisayansi. Habari za mitego ya kunasia nondo zikirefuka, zipewe makala yake na kiungo.

Maneno yanayobeba kiungo yana uzito wake. “Bofya hapa” haimwambii msomaji kitu, wala mtambo wa kutafuta haupati dokezo lolote. “Dalili za kuoza kitako cha nyanya” inawaeleza wote wawili kinachofuata. Kwa anayenunua bando la siku, kufungua ukurasa usio wake ni hasara ya fedha, na mwandishi mwenye kumjali msomaji humwepusha nayo.

Tovuti yenye makala nyingi tayari huanza kwa kuhesabu mali yake. Kila makala huorodheshwa kwenye jedwali: kichwa, anwani, swali inalojibu, wasomaji inaopata na fungu linaloifaa. Zana ya bure ya Google Search Console huonyesha maneno ambayo watu waliandika kabla ya kufika, na mara nyingi maneno hayo humfunza mwandishi mengi kuliko kikao cha bodi ya wahariri. Jedwali likikamilika, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni makala yatima, zisizoelekezewa kiungo na ukurasa wowote. Hizi hutafutiwa fungu au huondolewa. La pili ni makala mbili au tatu zinazojibu swali lilelile, ambazo hugawana wasomaji na kudhoofishana. Dawa yake ni kuziunganisha kuwa moja nzuri, kisha kuziwekea anwani za zamani elekezo la kudumu, lile la namba 301, ili aliyehifadhi kiungo cha awali asipotee.

Mafungu hayapaswi kuwa visiwa. Maktaba ya rafu hulazimika kukipa kitabu mahali pamoja: katika mfumo wa Dewey wa mwaka 1876, kilimo kilipewa namba 630. Tovuti haina kizuizi hicho. Makala ya mmomonyoko wa udongo inaweza kukaa katika fungu la matuta ya ngazi na bado ikaunganishwa na fungu la maji, kwa sababu udongo unaotoka milimani husombwa na Mto Ngerengere hadi Bwawa la Mindu linaloihudumia Morogoro, na Mto Ruvu, unaoanzia Uluguru, hulisha mitambo ya maji ya Dar es Salaam. Viungo vya kuvuka mafungu viwekwe pale tu uhusiano wa namna hiyo upo kweli. Kuunganisha kila kitu na kila kitu humchosha msomaji. Kwa kuchagua istilahi na kupanga mada pana juu ya mada finyu, msamiati uitwao AGROVOC wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ni msaada mkubwa, na una istilahi za Kiswahili.

Makala za fungu moja huzeeka kwa kasi tofauti, na ratiba ya ukaguzi ifuate tofauti hiyo. Maelezo ya upinzani wa Waluguru dhidi ya matuta ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1955 yanaweza kubaki miaka mingi bila kuguswa. Makala inayotaja viuatilifu hukaguliwa kabla ya kila msimu wa kupanda kwa kuilinganisha na orodha ya vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kiuatilifu kilichoondolewa kwenye orodha hufutwa siku hiyohiyo, katika makala tanzu na katika ukurasa mama pia.