Mwezi Mumoja Kati ya Sokwe Yatima

Katika Kiswahili chetu cha huku Katanga, nyama anayetembea porini na nyama iliyo ndani ya chungu ni neno moja tu. Pengine ndiyo sababu watu walicheka waliposikia kwamba mwanafunzi mumoja wa Likasi, kijana wa miaka 22, alitumia likizo yake kulea nyama bila mushahara.

"Batu banalala njaa, na we unaenda kulisha sokomutu?" rafiki zake walimuuliza.

Ndugu wasomaji, lile ni swali la haki, na tutalijibu. Lakini kwanza musikie mambo yaliyomupata. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasimulia. Jina lake tunaliacha, juu ya heshima ya jamaa yake.

KAZI YA KUOSHA CHUPA

Kijana huyu anasoma kazi ya munganga wa nyama kwenye Iniversite ya Lubumbashi. Alisikia kwamba kituo kimoja kinacholea sokwe yatima kinatafuta mikono ya kusaidia. Alifikiri atabeba watoto wa sokwe kifuani na kupigwa picha. Haikuwa vile hata kidogo.

Juma la kwanza hakugusa sokwe hata mumoja. Aliosha chupa za maziwa, alichemusha maji, alikata mapapai na viazi vitamu, alifagia mavi, alifua mablanketi. Wakati wote alivaa kitambaa cha kufunika mudomo na pua.

"Mama, mi sina ugonjwa," alimwambia mama mumoja mulezi. "Juu ya nini munanifunga mudomo?"

"Mwanangu, mafua yako wewe ni ya siku tatu tu," mama akamujibu. "Kwao yanaweza kuwa kifo. Magonjwa yetu yanaingiaka kwao, na yao yanaingiaka kwetu. Njo vile."

Hapo alielewa fundisho la kwanza: kupenda nyama si kumukumbatia. Mara nyingi ni kuosha chupa vizuri, kila siku, hata kama hakuna mutu anayekutazama.

MAMA YAKE ALIENDA WAPI?

Juma la pili, sokwe mudogo aliletwa, mwenye umri wa mwaka mumoja hivi. Kiuno chake kilikuwa na kidonda cha kamba. Alijikunja, akatikisa mwili mbele na nyuma, akang'oa manyoya ya mukono wake mwenyewe. Chupa aliikataa. Yule mama mulezi akamuweka juu ya tumbo lake, akakaa naye muchana na usiku. Siku ya tatu ndipo akakunywa.

Sokwe anabeba mimba karibu miezi 8. Akizaa, mutoto anashikamana na tumbo la mama yake miezi ya kwanza, halafu anapanda mugongoni. Ananyonya mupaka miaka 4 au 5, na muda ule wote mama kwa kawaida hazai mwingine. Kwa hiyo sokwe jike anazaa watoto wachache sana katika maisha yake.

"Mutoto namna hii hakuna mutu anamuokotaka njiani," mama mulezi akasema. "Mama yake hawezi kumuachilia. Wanamuua kwanza. Na wengine wakija kumutetea, wanauawa nao. Ukiona mumoja ndani ya sanduku, ujue kule porini kuna maiti."

Maneno hayo yalimukaa moyoni. Hakujua kwamba yalikuwa yanamungojea nyumbani.

SANDUKU KWA BABA MUDOGO

Baba yake alikufa zamani, na baba yake mudogo ndiye anayemulipia minerval. Baba mudogo alipoteza kazi ya kampuni, akaingia katika biashara ndogo ndogo. Kijana aliporudi Likasi, alikuta sanduku la mbao nyuma ya nyumba. Ndani yake, sokwe mudogo.

Baba mudogo alikuwa amemununua kwa mutu wa lori aliyetoka kaskazini. Mununuzi mumoja wa Lubumbashi alikuwa ameahidi feza nyingi zaidi.

"Furahi, mwana," baba mudogo akamwambia. "Njo minerval yako ile."

Ndugu vijana, mungefanya nini? Kunyamaza ilikuwa rahisi. Hakuna mutu angejua, na mwaka wa masomo ungelipwa.

Alifikiri njia nyingine: kukusanya feza kwa rafiki, kumununua yule sokwe na kumupeleka kituoni. Akamupigia simu mama mulezi.

"Hapana, mwanangu," mama akamwambia. "Kituo hakinunuaka. Ukilipa, yule mutu wa lori atasikia kwamba sokwe iko na bei, na kesho atarudi na wawili. Kwa feza yako utamuokoa mumoja, na kwa feza ile ile mama mwingine atauawa."

Basi, jioni ile aliketi na baba yake mudogo na kusema naye kwa heshima. Alimueleza ya kidonda cha kamba na ya mama anayeuawa. Alimwambia pia kwamba sokwe ni nyama anayelindwa kabisa na sheria ya Kongo, na kwamba tangu sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014, mutu anayemukamata, kumuweka ao kumuuzisha anaweza kupata kifungo.

"Na feza yangu?" baba mudogo akauliza. "Nani atanirudishia?"

"Hakuna mutu, baba."

Siku mbili hawakusemeshana. Siku ya tatu mutoto wa mwisho wa nyumba akaanza kukohoa, na sokwe akakataa chakula. Mama mudogo akasimama mbele ya bwana wake: "Baba, huyu anatufia mu nyumba. Na watoto wetu banamushika kila siku." Ndipo baba mudogo mwenyewe akaenda kuita watu wa Mazingira. Sokwe alichukuliwa bila malipo.

Wasomaji wapenzi, hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwisha vizuri siku ile. Feza ilipotea. Kijana hakuandikwa iniversite mwaka ule. Aliwafundisha watoto wa jirani hesabu na alibeba mizigo sokoni mupaka alipopata minerval ya mwaka uliofuata. Baba yake mudogo alikaa miezi mingi bila kumuita kwa jina. Leo wanakula bukari kwenye sahani moja, lakini haikuwa kazi ya siku moja.

VITUO KATIKA INCHI YETU

Kituo alichotumikia si peke yake. Hapa Lubumbashi, Franck na Roxane Chantereau walianzisha J.A.C.K. mwaka 2006 juu ya sokwe walionyang'anywa wafanya biashara. Karibu na Kinshasa, Claudine André alianzisha Lola ya Bonobo mwaka 1994. Bonobo hawaishi porini pahali pengine popote duniani ila katika Kongo yetu, na tangu mwaka 2009 wengine kati ya yatima wale wamerudishwa musituni. Katika Kivu ya Kusini kuna kituo cha Lwiro, kilichofunguliwa mwaka 2002. Na kule Rumangabo, katika Virunga, mulezi André Bauma alimulea gorila Ndakasi, aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa wa miezi 2, ameshikamana na maiti ya mama yake. Ndakasi alikufa mwaka 2021 mikononi mwa mulezi yule yule.

Usiku wa tarehe 9 mwezi wa tisa 2022, wezi waliingia J.A.C.K. na kuiba sokwe wadogo 3, halafu wakadai feza nyingi ili wawarudishe. Walitisha hata watoto wa wenye kituo. Kituo kilikataa kulipa. Muliona? Ni jambo lile lile mama mulezi alilomwambia kijana kwa simu: siku unapolipa, umefungua soko.

NA WATU WENYE NJAA?

Sasa turudi kwa swali la rafiki zake. Kijana anajibu hivi: kituoni aliona wakina baba na wakina mama wanaopata mushahara, na wauza matunda wanaoleta vikapu vyao asubuhi. Kulisha nyama hakukuondoa chakula kwa sahani ya mutu. Lakini biashara ya sokwe ilikula feza za baba yake mudogo na ikaleta hatari katika chumba cha watoto. Mwenye kutajirika ni mununuzi wa mbali, asiyejulikana jina.

Na zaidi, mutu aliyejizoeza kusikia kilio cha kiumbe kisichoweza kusema, atasikia vizuri zaidi kilio cha jirani. Kijana huyu ndiye leo anayezunguka mitaani kusaidia wamama na mbuzi na kuku zao, mara nyingi kwa bei ya sabuni tu.

Wazazi na vijana, mukiona sokwe ao nyama mwingine wa pori anauzishwa:

1. Musimununue, hata kwa huruma.
2. Musimushike, na watoto wasicheze naye.
3. Muwaarifu watu wa Mazingira ao wa ICCN.
4. Musicheke, musipige picha za kutuma kwa simu. Picha inaita wanunuzi.

Jioni, mukiisha kula, muulizane nyumbani: kama minerval ya mutoto wetu ingetoka ndani ya sanduku lile, sisi tungefanya nini? Kila mutu ajibu, mupaka mutoto mudogo. Na baba asijibu wa kwanza.