Mtoto Aliyemnunua Mama

Hadithi! Hadithi njoo! Leo hamna sungura wala fisi. Kuna kampuni za simu za Marekani, ingawa kwa ujanja sijui nani angemshinda mwenzake.

Zamani, ukiwa Chicago na mwanao yuko St. Louis, kilomita 480 hivi, ulikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha: AT&T. Watu waliiita Mama Bell, kwa jina la Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. Waya ulioingia ndani ni wa Mama. Njia ya masafa marefu ni ya Mama. Hata simu iliyokaa mezani ilikuwa yake, wewe unaikodi tu.

Akatokea muuza simu za upepo, Jack Goeken. Mwaka 1963 yeye na wenzake walitaka kusimamisha minara kati ya miji hiyo miwili ili madereva wa malori wazungumze na ofisi zao. Kampuni yao ndiyo ikaja kuitwa MCI. Mama Bell akapinga kwa nguvu zote. Tume ya Mawasiliano ikakubali mwaka 1969, kwa kura 4 dhidi ya 3. Kesi zilikuwa nyingi mno, watu wakatania kwamba MCI ni ofisi ya mawakili iliyowekewa antena juu ya paa.

Kumbe minara ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Hebu fikiri una basi zuri la mikoani, lakini stendi ya kuondokea na ya kufikia zote ni za mshindani wako, na abiria wako anaelekezwa lango la nyuma, kule vyooni. Nyaya za mitaani zikiwa za Mama, mteja wa MCI wa masafa marefu alibonyeza namba ya MCI ya mjini kwake, akasubiri mlio, akabonyeza namba yake ya siri, ndipo akabonyeza namba ya mwanawe: tarakimu zaidi ya 20! Akikosea moja, anaanza upya. Mwenye simu ya kuzungusha hakuweza kabisa. Mteja wa Mama alipiga 1 na namba, basi.

Mwaka 1974 MCI ilimshtaki Mama, na mwaka huohuo serikali nayo ikafungua kesi yake. Kesi ya serikali ikaishia mikononi mwa Jaji Harold Greene, na tarehe 1 Januari 1984 Mama akagawanywa. Watoto 7 wakachukua nyaya za mitaani, kila mmoja eneo lake. Mama akabaki na masafa marefu. Watoto wakaamriwa wasipendelee mtu, hata mama yao. Ikawa unachagua kampuni uitakayo, unapiga 1 na namba. Bei zikaporomoka.

Sheria ya mwaka 1996 ikawaambia watoto: nanyi mtauza masafa marefu, ila kwanza wafungulieni wengine nyaya zenu. Wakati huo intaneti ilikuwa imeanza kupita kwenye waya uleule. Wadhibiti hawakulala. Mwaka 1998 WorldCom iliponunua MCI, MCI ililazimishwa kwanza kuuza biashara yake ya intaneti, maana WorldCom ingeshika njia kuu nyingi za intaneti kupita kiasi. Mwaka 2000 WorldCom ikaitaka Sprint, kampuni nyingine ya masafa marefu, ikazuiwa.

Lakini jicho likiwa kwenye barabara kuu, watoto walikuwa wananunuana huku mitaani. SBC, mwenye nyaya za St. Louis, mwaka 1999 alimnunua nduguye Ameritech, mwenye nyaya za Chicago. Mwaka 2005 akamnunua Mama mwenyewe, akajivika jina lake: AT&T. MCI ikachukuliwa na Verizon, uzao mwingine wa Mama, mwaka 2006. Na mwaka uleule wa 2005, Tume iliwaondolea wenye nyaya wajibu wa kuwapa washindani nafasi ya kuuza intaneti juu yake.

Sasa mwinue tena yule mzazi wa Chicago, ashike simu yake ya mezani. Waya wa kwake, njia ya kati, waya wa kwa mwanawe: jina moja mwanzo hadi mwisho, na minara ya Goeken ilipita hapohapo.